Isaac Maliyamungu: Bawabu wa kiwanda aliyekuwa mkono wa Idi Amin

Jina lake ni la Kiswahili, na mkaazi yeyote wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale hulielewa pasipo kufasiriwa: mali ya Mungu. Ni jina ambalo wazazi humpa mtoto kwa shukrani, hasa mtoto aliyechelewa kuja au aliyenusurika maradhi. Kwa raia wa Uganda waliokuwa watu wazima kati ya mwaka 1971 na 1979, hata hivyo, jina hilo lilitamkwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi baada ya kuangalia ni nani aliyesimama karibu.

Isaac Maliyamungu hakuwa rais, waziri wala msomi. Alikuwa askari aliyepanda kutoka vyeo vya chini kabisa hadi kuwa brigedia katika muda usiozidi miaka minane, akawa miongoni mwa watu waliotegemewa mno na Idi Amin katika kuwasaka na kuwamaliza waliodhaniwa kuwa wapinzani. Alifariki uhamishoni mwezi Februari 1984, mjini Yei, kusini mwa Sudan ya wakati huo, bila ya kusimama mbele ya hakimu hata siku moja.

Kutoka Kongo hadi lango la kiwanda

Maliyamungu alizaliwa katika Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji, miongoni mwa Wakakwa. Ardhi ya Wakakwa ilikatwa na wakoloni vipande vitatu, kimoja kikaangukia Uganda, kingine Kongo, na cha tatu Sudan. Ndugu wa ukoo mmoja waliamka wakiwa raia wa nchi tatu bila ya kuhama nyumba. Wakongo wanaoishi Nakivale leo hawana haja ya kuelezwa jambo hilo kwa urefu. Wengi wao wametoka katika maeneo ambako mpaka ulipita kati ya shamba na kisima. Idi Amin naye alikuwa Mkakwa upande wa baba, na undugu huo ndio uliokuja kuyabadilisha maisha ya Maliyamungu.

Alikulia katika umaskini. Kama vijana wengi wa kaskazini-magharibi, alielekea Jinja, mji wa viwanda kando ya chanzo cha mto Nile, kutafuta kibarua. Huko aliajiriwa katika kiwanda cha nguo cha Nyanza, kilichojulikana zaidi kwa jina la Nytil, ambacho vitambaa vyake viliuzwa katika kila duka la kijijini nchini Uganda. Kazi yake ilikuwa ya ulinzi langoni. Alifungua na kufunga geti, akawapekua wafanyakazi wakitoka zamu ili wasiondoke na nguo chini ya mashati.

Mwaka 1967 aliingia jeshini. Jeshi la Uganda lilikuwa limerithi desturi za kikosi cha wakoloni cha King's African Rifles, na mojawapo ya desturi hizo ilikuwa lugha. Amri zilitolewa kwa Kiswahili. Kijana asiyejua Kiingereza, ambaye asingeweza kupata kazi hata ya karani wa tarafa, angeweza kuwa askari hodari kwa Kiswahili chake cha kambini. Kwa watu wa tabaka la Maliyamungu, jeshi lilikuwa mlango pekee uliokuwa wazi.

Alfajiri ya Januari 25, 1971

Rais Milton Obote alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola wakati askari waliomuunga mkono Amin walipoanza kuzishika silaha mjini Kampala. Maliyamungu alikuwa bado mtu wa cheo kidogo. Masimulizi mengi ya mapinduzi hayo yanamweka Entebbe, akiwa na gari la kivita, katika kuuteka uwanja wa ndege na kuwazima waliojaribu kupinga. Siku hiyo makasisi wawili wa Kikatoliki kutoka ng'ambo waliuawa uwanjani hapo kwa kombora.

Baada ya hapo, kupanda kwake kulikuwa kwa haraka isiyo ya kawaida. Amin hakuwaamini maofisa waliosomea vyuo vya kijeshi. Aliwapenda watu waliokuwa wakimdai yeye kila kitu: cheo, nyumba, gari, hata heshima mitaani. Bawabu wa jana, akipewa nyota mabegani na aliyemwokota, hawezi kumgeuka mwokotaji kwa sababu hana pengine pa kwenda. Hesabu hiyo Amin aliijua vyema, na kwa Maliyamungu haikumwangusha hata mwisho.

Kilichobadilika pia ni sheria. Mwezi Machi 1971 serikali ya kijeshi ilitoa amri iliyowapa wanajeshi uwezo wa kumkamata raia. Askari hakuhitaji tena hati ya mahakama wala idhini ya polisi. Kisha vikaundwa vyombo vilivyokuwa nusu jeshi na nusu polisi: Idara ya Utafiti wa Taifa, yenye makao yake Nakasero, na Kikosi cha Usalama wa Umma kilichokuwa Naguru. Watu wa vyombo hivyo walivaa nguo za kiraia, wakapanda magari yasiyojulikana ni ya nani, na waliowachukua mara nyingi hawakurudi. Maliyamungu alikuwa mtu wa jeshi, lakini nguvu zake zilivuka mipaka ya jeshi. Alipofika mahali, kamanda aliyekuwa na cheo kikubwa kuliko chake alijua kwamba mgeni huyo anazungumza na Ikulu moja kwa moja.

Mbarara, mwaka wa kwanza wa utawala huo

Ili kuufahamu ulimwengu ambamo Maliyamungu alistawi, inafaa kuitazama Mbarara kwanza, kwa kuwa yaliyotokea katika kambi ya Batalioni ya Simba mjini humo yalikuwa miongoni mwa mambo ya mwanzo kufika masikioni mwa ulimwengu.

Katikati ya mwaka 1971 wanajeshi wa makabila ya Acholi na Lango, walioshukiwa kuwa na utii kwa Obote, waliuawa kwa wingi katika kambi hiyo na nyinginezo. Raia wawili wa Marekani, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na Robert Siedle, mhadhiri wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Makerere, walisafiri hadi Mbarara mwezi Julai kuuliza maswali. Waliingia kambini na hawakuonekana tena. Shinikizo la Marekani lilimlazimu Amin kuunda tume chini ya Jaji David Jeffreys Jones. Jaji huyo alifanya kazi yake katika mazingira ya vitisho, akaondoka Uganda kabla ya kutangaza alichogundua, na taarifa yake iliwatwika lawama kamanda wa kambi, Ali Fadhul, na naibu wake, Juma Aiga. Hakuna aliyeadhibiwa kwa wakati huo. Fadhul alibaki kazini.

Ujumbe kwa maofisa wengine, Maliyamungu akiwemo, ulikuwa dhahiri. Ikiwa jaji, ubalozi na magazeti ya Ulaya wameshindwa kumgusa kamanda wa Mbarara, nani angeuliza habari za mkulima wa Isingiro au mwenye duka wa Masaka?

Septemba 1972

Alfajiri ya Septemba 17, 1972, wapiganaji waliokuwa wafuasi wa Obote, pamoja na kundi dogo la Yoweri Museveni, walivuka kutoka Tanzania kwa malori. Safu moja ilielekea Masaka kupitia Mutukula, nyingine ikaja Mbarara na kuishambulia kambi ya Simba. Mpango wa kuwateremsha makomando Entebbe kwa ndege ulivunjika kabla haujaanza, na safu zote mbili zilisambaratishwa ndani ya muda mfupi.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko vita vyenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na cheo chini ya Obote, diwani, mwalimu, kiongozi wa chama au mfanyabiashara mwenye jina, alihesabiwa kuwa mshirika wa wavamizi. Mjini Mbarara alikamatwa Nekemia Bananuka, aliyekuwa kiongozi wa juu katika utawala wa wilaya ya Ankole, akauawa pamoja na wanawe. Mjini Kampala Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa ndani ya jengo la Mahakama Kuu mchana, Septemba 21, na mwili wake haukupatikana.

Masaka ilimwangukia Maliyamungu. Huko aliuawa Francis Walugembe, aliyekuwa meya wa mji. Kisa hicho ndicho kilicholitia jina la Maliyamungu doa lisilofutika. Walugembe hakuuawa gizani wala porini. Alikatwa viungo na kutembezwa mbele ya watu wa mji aliouongoza, ili waone. Maelezo zaidi yanapatikana kwa wanaoyataka; hapa yatosha kusema kwamba Masaka haijasahau.

Hadithi nyingi nyingine zimesimuliwa juu ya Maliyamungu: kwamba alifanya hili kwa mikono yake, kwamba aliamuru lile huku akicheka. Baadhi zina mashahidi, na baadhi zimekua kadiri zilivyopita midomoni. Kuna hatari katika kumgeuza mtu kuwa zimwi. Zimwi halihitaji mwajiri, na halina mtu aliyelitilia saini mshahara. Maliyamungu alikuwa na mwajiri, alipokea mshahara, na alipandishwa cheo baada ya Masaka.

Mapema mwaka 1973 mahakama za kijeshi zilipewa uwezo wa kuwahukumu raia, na mwezi Februari watu walioitwa waasi walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa, Kabale na Mbarara ikiwemo, huku wakaazi wakiamriwa kuhudhuria. Mwaka uliofuata Amin mwenyewe, akitaka kuonyesha sura njema, aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea, chini ya Jaji Mohamed Saied. Tume hiyo ilisikiliza mamia ya mashahidi na kuthibitisha visa zaidi ya 300, ikavinyooshea kidole vyombo vya usalama. Ripoti ikawekwa kabatini. Idadi ya waliouawa katika miaka minane yote hukadiriwa kwa namna tofauti, na makadirio yanayotajwa mara kwa mara hufikia 300,000.

Lugha iliyobebeshwa mzigo

Mwaka huohuo wa 1973 Amin alitangaza kwa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Kwa wapenzi wa lugha hiyo kwingineko, tangazo hilo lingekuwa habari njema. Kwa raia wengi wa kusini na magharibi mwa Uganda lilikuja kwa wakati mbaya. Kiswahili walichokuwa wakikisikia kilikuwa cha kizuizi cha barabarani: simama, toka nje, kitambulisho, panda gari. Mama wa Kinyankole asiyejua neno jingine la Kiswahili aliyajua hayo, kwa kuwa uhai wa mumewe ulitegemea kuyaelewa kwa haraka.

Ndiyo maana wazee fulani wa Mbarara bado hukunja uso wanaposikia Kiswahili sokoni, na kijana wa Kikongo aliyekuja juzi kutoka Nakivale kununua vocha au dawa hujiuliza amekosa nini. Kwake ni lugha ya nyumbani, ya kanisani na ya kumbembelezea mtoto. Mzee anayemtazama anasikia sauti nyingine kabisa, ya mwaka 1972. Miongoni mwa madhara yaliyoachwa na watu kama Maliyamungu, hili halijawahi kuingizwa katika ripoti ya tume yoyote.

Mkutano wa Kampala

Februari 16, 1977, viongozi wa dini, mawaziri, mabalozi na wanajeshi waliitwa katika viwanja vya hoteli ya Nile mjini Kampala. Silaha zilipangwa chini mbele yao, na nyaraka za kudai kuwepo njama zikasomwa kwa muda mrefu juani. Maliyamungu anatajwa miongoni mwa maofisa waliokuwa usukani siku hiyo. Askari walipoulizwa wafanye nini na washukiwa, walipaza sauti kutaka wauawe. Jioni hiyo Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Janani Luwum, alitenganishwa na maaskofu wenzake. Yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, waliuawa. Redio ilitangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari. Ni wachache walioamini, ndani au nje ya Uganda.

Vita vilivyopita Isingiro

Mwishoni mwa Oktoba 1978, huku jeshi likitafunwa na maasi ya ndani, majeshi ya Amin yaliingia Tanzania na kuikalia ardhi ya kaskazini mwa mto Kagera. Maliyamungu alikuwa miongoni mwa makamanda wa upande huo. Askari walirudi na ng'ombe kwa maelfu, mabati, baiskeli, na mali ya kiwanda cha sukari cha Kagera. Ushindi huo ulikuwa wa wizi, na haukudumu.

Tanzania ilijibu kwa kuliita taifa zima vitani. Mwezi Februari 1979 vikosi vyake, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, vilisonga kwa njia mbili. Moja ilielekea Masaka. Nyingine ilipita nchi ya Isingiro, ambako katika vilima vya Gayaza Watanzania walikutana na upinzani mkali na kupoteza askari wengi, kisha ikaendelea hadi Mbarara. Wakimbizi wa Kinyarwanda waliokuwa wakiishi Nakivale tangu mwisho wa miaka ya 1950 walijikuta vita vimewafuata hata pale walipokimbilia.

Masaka na Mbarara zote zilianguka katika siku za mwisho za mwezi huo. Watanzania, wakilipiza yaliyotendwa Kagera, walibomoa kwa baruti majengo mengi ya miji hiyo miwili. Maliyamungu, aliyekuwa na usemi mkubwa upande wa Masaka, hakuweza kuushika mji ambao miaka sita kabla aliutia hofu kwa kisu. Mtu aliyezoea kupigana na waliofungwa mikono alikutana na jeshi lenye mizinga, nalo halikumwogopa. Askari wake walitoroka kwa makundi, wengine wakivua sare njiani. Mwezi Machi Amin alipoteza vita vya Lukaya licha ya msaada wa Walibya, na Kampala ikatekwa Aprili 11.

Wakaazi wa Mbarara waligundua jambo la kushangaza siku hizo. Jeshi lililomfukuza Amin nalo lilizungumza Kiswahili, tena fasaha zaidi.

Waliolipa, na asiyelipa

Maliyamungu alivuka mpaka kuingia Zaire, nchi aliyozaliwa, akafanya biashara huko. Nyuma yake, hasira ya watu ilitafuta wa kumwangukia. Katikati ya mwaka 1979, katika eneo la Bushenyi, magharibi ya Mbarara, familia za Kiislamu zilishambuliwa na majirani zao, na watu wengi wakauawa, watoto wakiwemo, kwa sababu tu dini yao ilikuwa dini ya Amin. Wanubi waliporwa nyumba. Katika eneo la West Nile, jeshi la serikali mpya liliwafukuza Wakakwa na Walugbara kwa maelfu wakavuka kwenda Sudan na Zaire, wakaishi chini ya maturubai na kupanga foleni ya mahindi. Wengi wao hawakuwahi kushika bunduki. Walikuwa wakimbizi kwa ajili ya madhambi ya mtu aliyeishi si mbali nao, akiuza na kununua.

Alipofariki Yei mwaka 1984, habari zilienea kwamba alitiliwa sumu. Miaka miwili baadaye serikali mpya ya Museveni iliunda tume ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu, chini ya Jaji Arthur Oder, iliyopokea ushahidi wa kipindi cha kuanzia uhuru hadi Januari 1986. Kwa Maliyamungu tume hiyo ilichelewa.

Kwa mwenzake wa Mbarara haikuwa hivyo. Ali Fadhul alikamatwa mwaka 1987, akashtakiwa kwa mauaji ya Nekemia Bananuka, akapatikana na hatia na kuhukumiwa kifo. Hukumu hiyo haikutekelezwa. Alikaa katika gereza la Luzira kwa zaidi ya miaka 20, hadi aliposamehewa na rais mwaka 2009. Wapo waliouona msamaha huo kuwa mapema mno. Hata hivyo jamaa wa Bananuka waliketi katika chumba cha mahakama, wakamwona mshtakiwa, wakasikia jina la marehemu wao likisomwa na jaji. Jamaa wa Francis Walugembe, kilomita zipatazo 140 kwenye barabara hiyohiyo ya kuelekea Kampala, hawakuipata siku kama hiyo.